Kona ya Mafundi: Gari la Zamani kwenye Mita 402

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Arusha na Moshi, na nyingi zinauliza kinunuliwe kitu gani ili gari likimbie zaidi kwenye mbio za mita 402, yaani robo maili ya mstari mnyoofu. Wenye haraka wataona majibu yetu yanawachelewesha. Gari lenye miaka 25 limeshapoteza sehemu ya nguvu zake kupitia mipira iliyokauka, pampu iliyochoka na nyaya zenye kutu, na nguvu hiyo ni rahisi kuirudisha kuliko kununua mpya. Tena huku kaskazini kuna jambo ambalo fundi wa Dar es Salaam halimsumbui, nalo ni mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kati ya mita 800 na 900. Namba nyingi unazosoma kuhusu injini yako zilipimwa chini kabisa, karibu na bahari.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina Toyota Chaser JZX100 Tourer V ya 1998, injini 1JZ-GTE, gia za mkono, haijaguswa kitu. Rafiki zangu wanasema nifunge kontrola ya turbo, nipandishe presha hadi bar 1.2, niingie mashindanoni. Nianzie wapi? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Marahaba, ndugu yetu. Kontrola isubiri, na hiyo bar 1.2 iweke kando kabisa maadamu turbo ni ya kiwandani. Turbo yako ni CT15B, na gurudumu lake la upande wa ekzosti limetengenezwa kwa kauri. Kauri ni nyepesi, ndiyo maana turbo hii inaamka mapema, lakini haivumilii joto kali likichanganyika na mzunguko uliopita kiasi. Ikizidishiwa, gurudumu linavunjika au linachomoka kwenye shafti. Gari linalegea ghafla, moshi wa oili unatoka nyuma, na vipande vinaishia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosti).

Wengi hutaja bar 0.9 hadi 1.0 kuwa mwisho wa turbo hii. Namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Geji ya turbo inasoma presha iliyozidi hewa ya mahali ulipo. Dar hewa yenyewe ni bar 1.01, Arusha ni kama bar 0.86. Geji ikisoma 0.9 ukiwa Dar, turbo inaibana hewa mara 1.9. Geji ikisoma 0.9 hiyohiyo ukiwa Arusha, inaibana zaidi ya mara 2. Maana yake turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi, huku injini ikipokea hewa pungufu kuliko ya Dar. Kwa hiyo kwa CT15B ikiwa Arusha sisi tunaishia bar 0.8. Kiwandani gari hili linafanya kazi kwenye bar 0.7 na kidogo, na 0.8 ya Arusha inakurudishia karibu kiasi kilekile cha hewa ambacho injini ingepata ikiwa Dar bila kuguswa. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta turbo yenye gurudumu la chuma.

Kabla ya yote hayo, pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuibana. Injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote sita zimetolewa, fyuzi ya EFI imechomolewa na soketi za koili zimetenganishwa. Mtu mmoja akanyage pedali ya mafuta hadi chini wakati wa kupiga stata, vinginevyo hewa haiingii na kila silinda itaonekana mgonjwa. Piga hadi mshale uache kupanda, kwa kawaida mizunguko mitano au sita. Usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu, kwani Arusha geji itasoma pungufu kwa karibu asilimia 15 hata kwa injini nzima. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda. Isizidi kilo 1 kwa sentimita mraba, yaani psi 14. Silinda iliyo chini, itilie kijiko cha oili na upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, anza na gasketi. Hapo usiongeze presha yoyote hadi umalize ukarabati.

Kompresheni ikiwa sawa, tafuta uvujaji wa hewa. Mpira wa miaka 25 huonekana mzima kwa nje, ukiukunja unapasuka. Toa bomba la eya klina, ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, jaza upepo taratibu hadi psi 12 au 15 kwa kompresa yenye rigleta, kisha nyunyiza maji ya sabuni kila kiungo, hasa viungo vya intakula (kipozeo cha hewa ya turbo), mipira midogo ya vakyumu, gasketi za manifoldi na valvu ya PCV (inayotoa mvuke kwenye kranki). PCV ya zamani hushindwa kufunga, presha ya turbo ikaingia kwenye kranki na kusukuma oili kutoka kwenye sili. Ukiona oili inavuja kila mahali baada ya kukanyaga, angalia hapo kabla ya kubadilisha sili zote. Badilisha mipira ya vakyumu yote kwa siku moja, kila mmoja urefu uleule wa wa zamani. Ni kazi ya bei ndogo kuliko zote katika jibu hili, na mara nyingi ndiyo inayobadilisha gari zaidi.

Halafu petroli. Unganisha geji ya presha ya petroli na uisome gari likiwa limebeba mzigo, kwenye dyno (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au eneo lililofungwa, abiria ndiye asome. Kwa kila bar ya turbo inayoongezeka, presha ya petroli nayo ipande bar ileile. Turbo ikifika 0.8 na presha ya petroli ikapanda 0.5 tu, au ikaanza kushuka kwenye mizunguko ya juu, pistoni zako zinapata mchanganyiko mkavu (petroli pungufu) na zitayeyuka. Usikimbilie kununua pampu. Weka kwanza mita ya umeme kwenye soketi ya pampu injini ikiwa inafanya kazi. Kukiwa na volti 13.8 kwenye betri na 12 kwenye pampu, waya umechoka. Vuta waya mpya wa milimita mraba 4 kutoka betri, uweke relei na fyuzi ya ampea 25 karibu na betri, na waya wa zamani utumie kuamsha relei tu. Badilisha filta pia. Bado ikishuka, ndipo ununue pampu ya lita 255 kwa saa.

Nozeli nazo zina mwisho wake. Kila farasi mmoja wa nguvu ya injini ya turbo hula kama cc 6 za petroli kwa dakika. Nozeli sita za kiwandani za karibu cc 380, zikifunguka asilimia 85 ya muda, zinabeba kama farasi 320. Zaidi ya hapo unahitaji kubwa zaidi, pamoja na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inayoweza kupangwa upya.

Kwenye moto wa plagi, 1JZ ya VVT-i (yenye valvu za muda unaobadilika) kama yako ina koili tatu, kila moja ikihudumia silinda mbili: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Jozi nzima ikimisi, shuku koili. Silinda moja ikimisi peke yake, shuku waya au plagi. Angalia pia visima vya plagi, kwa sababu gasketi ya kava ya valvu ikivuja, oili hujaa humo na moto hupotea. Weka plagi baridi kwa daraja moja, mfano NGK BKR7E, pengo milimita 0.8. Pengo la 1.1 huzimwa na presha, gari likakohoa mwisho wa gia ya tatu na watu wakadhani ni petroli. Kaza plagi wakati hedi imepoa, Nm 18 zinatosha.

Kama huna uhakika belti ya taiming ilibadilishwa lini, ibadilishe pamoja na tensheni, beringi zake na pampu ya maji, maana belti hiyohiyo ndiyo inayozungusha pampu. Puli ya kranki ya injini za JZ imeunganishwa kwa mpira katikati. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu hadi ukingo wa nje, endesha wiki moja, kisha uangalie. Mistari ikiachana, mpira umeachia na puli itaruka siku utakayokanyaga kwa mizunguko 7,000.

Sasa funga geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, ile ya sensa ya waidibendi, na uanze na presha ya kiwandani. Ukiwa umekanyaga hadi mwisho, isome kati ya 11.5 na 11.8, yaani sehemu hizo za hewa kwa moja ya petroli. Ikivuka 12.3 turbo ikiwa imejaa, ondoa mguu palepale. Ikibaki sawa kutoka mizunguko 3,000 hadi 6,500, ongeza presha kwa bar 0.05 kila mara, ukichomoa plagi kuziangalia katikati. Kauri ya plagi ikiwa na vidoadoa vyeusi au vya kung'aa kama fedha, injini inagonga, yaani petroli inalipuka yenyewe ndani ya silinda, na alumini ya pistoni imeanza kuruka. Rudisha presha chini siku hiyohiyo.

SWALI: Nimehamia Moshi kutoka Dar na Altezza RS200 yangu. Dar lilikuwa jepesi, hapa limekuwa zito, na nikilipeleka Arusha linazidi. Nimebadilisha plagi na eya klina, hakuna tofauti. Tatizo ni nini? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Kama taa ya injini haiwaki na ulaji wa petroli haujapanda, yawezekana gari lako halina ugonjwa wowote. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. 3S-GE, injini ya gari lako, yenye gia za mkono ilitoka na farasi 210. Moshi zinabaki kama 190, Arusha kama 180. Muda wa mita 402 hauongezeki kwa uwiano huohuo. Gari linalotumia sekunde 15.0 Dar litatumia takriban 15.5 Moshi na 15.8 Arusha, dereva yuleyule, tairi zilezile. Kwa hiyo usilinganishe muda wako na wa mtu wa Dar kabla ya kuweka hesabu hii.

Joto nalo linaongeza mwinuko. Arusha saa 8 mchana, nyuzi 28, hewa ina wepesi wa mahali palipo mita 2,200. Saa 1 asubuhi, nyuzi 14, ni kama mita 1,700. Ukipewa nafasi ya kuchagua zamu yako ya majaribio, chagua ya asubuhi.

Cha kufanya ni kwanza kuhakikisha injini haivuti hewa ya moto. Zile eya klina za wazi zenye umbo la pia, zikifungwa juu ya ekzosti bila kizuizi, zinapiga kelele nzuri na kupunguza nguvu, kwa sababu kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka huondoa asilimia 1 ya hewa. Rudisha boksi la kiwandani na bomba lake la mbele, au tengeneza kizuizi cha bati chenye mlango wa hewa kutoka kwenye bampa. Na vumbi la huku ni laini mno. Kichujio kisichoziba vizuri pembeni kitaua ringi ndani ya kiangazi kimoja. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya kichujio. Ukipata vumbi, hakizibi.

Pili, badilisha uwiano wa difu. Difu fupi zaidi inakurudishia mvuto ambao mwinuko umeuchukua, na kwa mita 402 hutakosa kasi ya mwisho. Tatu, punguza uzito: tairi ya akiba, jeki, viti vya nyuma, nusu tangi la petroli. Kuna nafuu moja pia. Hewa nyepesi inapunguza hatari ya injini isiyo na turbo kugonga, hivyo mwenye kontroli boksi inayopangika anaweza kusogeza moto mbele nyuzi moja au mbili kuliko alivyopangiwa Dar, akiwa na vifaa vya kusikilizia mgongano. Altezza yako ina uwiano wa kompresheni wa 11.5 kwa 1, kwa hiyo isifanywe kwa kubahatisha.

SWALI: Naomba kujua, ni kweli vidonge vya nondo (vile vya kufukuza wadudu kabatini) vikiwekwa kwenye tangi vinaongeza oktani, yaani uwezo wa petroli kutogonga? Kuna pia wanaotumia thina ya rangi. (Msomaji, Majengo, Moshi)

Usiweke. Vidonge vya zamani vilikuwa vya naftalini, na faida yake kwenye petroli ya leo ni ndogo mno, huku petroli ikipoa naftalini inarudi kuwa chembe na kuziba filta. Vingi vinavyouzwa sasa ni vya paradiklorobenzeni, yenye klorini ndani yake. Ikiungua inatoa asidi ya haidrokloriki inayokula valvu, sensa ya oksijeni na ekzosti. Thina ya rangi ni mchanganyiko wa vimiminika vingi na kila kiwanda kina wake, huwezi kupanga injini kwa kitu ambacho kopo linalofuata ni tofauti.

Magari ya turbo ya Kijapani ya miaka ya 1990 yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, oktani 96 na kuendelea. Nunua mahali penye wateja wengi ambapo petroli haikai kwenye tangi, tumia kituo kilekile kila mara, na upangaji wa moto ufanyike kwa petroli hiyo. Ukilazimika kutumia petroli usiyoiamini, shusha presha ya turbo. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli yanashusha oktani vibaya, na dalili yake ni injini kugonga ghafla kwenye mpangilio uliokuwa salama wiki iliyopita.

SWALI: Impreza WRX GC8 yangu imevunja gia ya tatu mara mbili, kila mara wakati wa kuondoka au kubadilisha haraka. Fundi anasema ni ubovu wa giaboksi za mtumba. (Msomaji, Sakina, Arusha)

Mtumba unachangia, lakini chanzo ni namna mzigo unavyofika. Gari la kuvuta magurudumu yote halipotezi nguvu kwa tairi kuteleza. Ukiachia klachi ghafla kwenye lami kavu, pigo lote linaishia kwenye meno. Giaboksi hiyo ya gia tano imegawanyika kwa urefu katika nusu mbili zilizofungwa kwa bolti. Mzigo ukiwa mkubwa nusu hizo zinafunguka kidogo, shafti zinaachana, na meno yanashikana kwa ncha badala ya upana wake wote. Hapo ndipo jino linakatika, hasa gia ya tatu inapopokea nguvu yote ya turbo.

Badilisha uendeshaji kabla ya kununua giaboksi ya tatu. Ondoka na mizunguko 3,500 hadi 4,000 na uiachie klachi iteleze kwa muda wa karibu sekunde moja. Sahani ya klachi ni bei ndogo kuliko seti ya gia. Usibadilishe gia huku mguu wa mafuta ukiwa chini. Oili iwe 75W-90 ya daraja la GL-5, kwa sababu difu ya mbele imo humohumo na inaihitaji. Ibadilishe baada ya kila mashindano mawili au matatu na utazame sumaku ya nati ya kutolea oili. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Kipande chenye kona ni jino, simamisha gari.

Kagua pia tairi. Zote nne ziwe aina moja na mzingo wake usitofautiane zaidi ya milimita 6. Tairi mbili mpya na mbili zilizolika zinaifanya difu ya kati ifanye kazi muda wote, hata ukienda sokoni, na mwishowe inaungua. Mauntingi za injini na giaboksi zikiwa zimelegea, mpira mpya hupunguza pigo la kwanza kwa kiasi kikubwa. Na kabla ya kila mbio, oili ya injini iwe kwenye alama ya juu. Gari likiruka mbele oili inakimbilia nyuma ya sampu, na metali za kranki za EJ20, injini ya gari lako, hazisamehi sekunde hata mbili za ukavu.

SWALI: Mark II GX110, injini 1G-FE. Nifunge turbo? (Msomaji, Ngaramtoni)

Hapana. Injini hiyo ina farasi 160 na uwiano wa kompresheni wa 10.0, na ili ibebe turbo kwa usalama utabadilisha nozeli, pampu, kontroli boksi, klachi au giaboksi, na huenda pistoni. Gharama hiyo inakaribia au kupita ya kufunga 1JZ-GTE nzima yenye giaboksi yake, kwa sababu gari lako lina nafasi ya injini hiyo. Ukibadilisha injini, namba mpya iingizwe kwenye kadi ya gari TRA kabla ya kuliendesha barabarani.

SWALI: Tukisubiri foleni ya kukimbia, gari langu linachemsha. Likitembea linapoa. (Msomaji, Kijenge, Arusha)

Linapoa likitembea, basi upepo ndio unaokosekana likisimama: feni klachi imelegea, feni ya umeme haiwaki, au plastiki ya kuzunguka feni imetupwa na mtu aliyeona haina kazi. Irudishe. Pia badilisha kifuniko cha rejeta. Arusha maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima cha 0.9 kinapandisha hadi karibu 116. Spring yake ikichoka, unabaki na 95, na thermostati za Toyota nyingi hufunguka kwenye 82 hivi, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya bomba ya huku yanaacha ukoko mweupe kwenye mishipa ya rejeta.

SWALI: Chaser ya otomatiki. Nikibana breki na kukanyaga mafuta pamoja kabla ya kuondoka, naharibu? (Msomaji, Usa River)

Ukipitisha sekunde tatu, ndiyo. Nguvu yote inageuka joto ndani ya tokyu konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi ya otomatiki). Mwisho wa kitabu cha Toyota katika kipimo cha aina hiyo ni sekunde tano, nacho hufanywa mara chache. Bana, acha turbo ianze kujaa, achia. Kati ya mbio mbili weka N, injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), dakika tano. Funga kipozeo cha ziada cha haidroliki (oili ya giaboksi ya otomatiki) mbele ya rejeta, na tumia haidroliki ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia. Ikinuka kama kitu kilichoungua, ibadilishe kabla ya kukimbia tena.

SWALI: Tairi zangu za nyuma zinateleza gia ya kwanza yote na ya pili nusu. Rimu ni za inchi 17. Nipunguze upepo kiasi gani? (Msomaji, Shanty Town, Moshi)

Soma kwanza umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba iliyovuka miaka sita imekauka, hata meno yakiwa marefu, na hakuna upepo utakaoifanya ishike.

Zikiwa nzuri, anza na psi 28 nyuma, shuka psi 1 kila jaribio hadi muda wa mita 18 za kwanza uache kuboreka. Tairi za kawaida za barabarani zisishuke chini ya 24. Ubavu unaanza kuyumba na gari linatangatanga kwenye kasi ya mwisho, mahali ambapo huna muda wa kurekebisha. Mbele weka 34. Pima palepale uwanjani: tairi iliyojazwa Dar itasoma psi 2 zaidi Arusha bila mtu kuigusa, kwa sababu ya hewa ya nje.

Gari likirukaruka nyuma wakati wa kuondoka, achia mafuta mara moja. Mrukoruko huo ndio unaokata shafti na kupasua mauntingi za difu. Chanzo kwa gari la umri huu ni bushi za mikono ya nyuma zilizokufa. Zibadilishe zote, pamoja na mpira wa difu, kabla ya kutafuta tairi za gharama. Na difu ya wazi, ile isiyofunga tairi mbili zizunguke pamoja, itakuonyesha alama moja nyeusi kwenye lami badala ya mbili. Hapo upungufu uko kwenye difu, tairi usizilaumu.

SWALI: Tunataka kupimana muda kabla ya mashindano. Barabara ya mchepuko usiku haina magari. Na wakaguzi huangalia nini? (Kikundi cha vijana, Arusha)

Usiku barabara ya mchepuko ina bodaboda bila taa, watu wanaovuka na ng'ombe. Gari linalofika mwisho wa mita 402 likiwa na kilomita 170 kwa saa linahitaji zaidi ya mita 100 kusimama hata breki zikiwa nzima. Hatutatoa maelekezo ya kukimbizana huko. Nendeni kwenye tukio lililoruhusiwa, lenye gari la wagonjwa na zimamoto. Wasilianeni na AAT (Automobile Association of Tanzania), chama kinachosimamia michezo ya magari nchini.

Wakaguzi kwa kawaida watatazama helmeti, mkanda usiochanika, betri iliyofungwa kwa chuma na vituo vyake kufunikwa, uvujaji wa petroli na oili, springi ya kurudisha pedali ya mafuta, na chombo cha kukusanya maji ya rejeta yanayofurika. Nati za magurudumu za Toyota nyingi zikazwe Nm 103 kwa spana ya kupimia, gari likiwa chini, na zirudiwe baada ya mbio ya kwanza.

Breki ndizo hupuuzwa kuliko vyote kwa sababu mbio zenyewe ni za kuongeza kasi. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205, iliyonyonya maji huanza kwenye 140, na ikichemka pedali inazama hadi sakafuni. Weka DOT 4 mpya kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu ya breki, umalizie la karibu, ukijaza kikombe kabla hakijafika nusu. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu dakika moja injini ikiwa inawaka. Ikishuka polepole bila kuvuja nje, mpira wa ndani wa silinda kuu umekwisha, na gari lisiingie kwenye mstari hadi ubadilishwe.